Kati ya Sukari na Meli

Hai Muhammadi, Kasablanka
6 Oktoba 2024

Babu yangu Bushaib,

Salamu zangu zikukute umekaa karibu na dirisha, soksi umevaa. Sisi wazima. Jihan ameota jino la pili na amelijaribu papo hapo kwenye ziwa langu. Nilipiga ukelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Redwan yuko njiani na lori la samaki kutoka Agadir. Akirudi nyumba nzima inanuka dagaa, lakini kwangu hiyo ndiyo harufu ya mume aliyefika salama, siilalamikii. Mama anakusalimu kutoka Settat, magoti yamempoa kidogo.

Sasa Babu, umenifanyia nini?

Juzi alikuja kijana mmoja mpole anaitwa Hisham, wa kile chama kinachowarekodia vitabu watu wasioona. Anasema wanataka kukitia sauti kitabu chako, *Paa la Bati*, kile cha maisha yako ya Karyani, mtaa wetu wa zamani wa mabati, ambacho watoto wote wanakisoma shuleni. Walimweka muigizaji mkubwa, wakakutumia kipande usikilize, nawe ukawajibu kwa mstari mmoja: "Huyu bwana hajawahi kulala na njaa hata kwa kusahau." Kisha ukawaambia hakisomwi kitabu hicho ila akisome Ghizlan, mjukuu wa dada yako Rabha.

Mimi! Babu, mimi shule niliiachia darasa la tisa. Asubuhi nakaanga chapati za kukunja mlangoni pa hamamu, lile bafu la mtaa, unga umenijaa mpaka kwenye nyusi. Hisham aliponiambia nilicheka, nikadhani wamekosea ngazi.

Lakini nimekubali, na sababu nitakuambia wazi, mimi sijui kuzunguka. Nataka urudi. Tangu upande ile meli ya Ufaransa ujana wako hujarudi, hata siku moja. Bibi Rabha alipokuwa anatutoka aliuliza kama mlango umegongwa. Mimi mwenyewe nakujua kwa barua na picha tu. Na barua yako ya Idi, Babu, herufi zilikuwa kubwa kama maharage. Usidhani sikuona. Macho yako yanaondoka nawe hujasema.

Basi tupatane. Mimi nitasoma kitabu chako chote, na wewe uje ukisikilizie hapa, na umwone Jihan kabla giza halijakuzuia. Chumba cha mbele ni chako, kina jua la asubuhi.

Mjukuu wako,
Ghizlan


Gennevilliers
3 Novemba 2024

Mjukuu wangu Ghizlan,

Nimekaa karibu na dirisha na soksi nimevaa. Usinifanye mtoto.

Huku ni mvua, na sisi wazee wa bweni la wastaafu tunaitazama kama sinema. Laarbi wa chumba cha pili bado ananiibia nanaa yangu kwenye kopo, kisha ananikaribisha chai yake na kuniuliza kama naona ilivyo nzuri. Mwambie Redwan aendeshe polepole, samaki hawana haraka tena. Mbusu Jihan kwenye lile jino.

Unauliza kwa nini wewe. Siku moja bibi yako alinipigia simu akaisahau wazi, nikakusikia unamsomea barua yangu. Ilikuwa barua ya kawaida, habari za baridi na mafua. Lakini ulivyoisoma wewe, nikasema loo, kumbe naandika vizuri namna hii?

Sikiliza nikupe kazi yako. Ukikaa mbele ya kile kipaza sauti usimsomee mwalimu, wala mtu mwenye cheti. Msomee mtu asiyejua kusoma, amekaa mbele yako anamenya njegere, na hatainua uso mpaka useme la kweli. Hiyo tu.

Kuhusu kurudi: nikikaa nje ya huku zaidi ya nusu mwaka wananikata pensheni. Tena ghorofa ya nne, magoti haya? Na macho ni yangu, niachie mwenyewe.

Kuna jambo dogo nataka kuuliza, si la maana. Karyani ilipobomolewa watu wa vichochoro vyetu walihamishiwa kwenye hayo majengo yenu. Walikuwepo watu wa mlango wa bati la buluu, mama mmoja aitwaye Mbarka na wanawe. Nadhani wote wameshakufa. Kama hujui, acha.

Babu yako,
Bushaib


Hai Muhammadi, Kasablanka
1 Desemba 2024

Babu yangu mwenye soksi,

Tumshukuru Mungu, tu wazima, isipokuwa Jihan ana kikohozi kidogo, nampaka mafuta ya zeituni yenye kitunguu saumu na sasa ananuka kama saladi. Redwan amerudi, amelala, ameondoka tena. Mama anasema umemjibu kila mtu isipokuwa yeye, basi mwandikie hata mstari.

Nimeanza kusoma! Chumba chenyewe wamekiziba kwa magodoro ukutani, hakuna dirisha, joto kama ndani ya mkate. Siku ya kwanza nilisoma kwa ile sauti ya habari za saa mbili. Hisham akasimamisha mashine.

"Dada Ghizlan, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona unatangaza msiba? Nisomee kama unamwambia jirani."

"Jirani yangu hanisikilizi, anagonga dari."

Akacheka, nami nikacheka, ndipo nikalikumbuka neno lako la yule mtu wa njegere. Nikamweka mbele yangu. Tangu hapo naenda vizuri. Ile sura ya mwaka wa njaa, watu wanavyochimba mizizi na kuvaa magunia, niliposoma Hisham alisahau kuzima mashine. Nawe unajua Jihan haniachi, basi nampeleka, nasoma ukurasa, nanyonyesha, nasoma ukurasa.

Halafu Babu, kaa vizuri. Watu wa mlango wa bati la buluu hawajafa wote. Nimeuliza mlangoni pa hamamu, kule hakuna asiyejulikana. Bi Mbarka alifariki zamani, Mungu amrehemu. Lakini binti yake Yamna yupo! Jengo la nyuma yetu, chini kabisa, mlango unaotazama mti wa tini. Mjane, wanawe wote wako Italia, amebaki na kanari. Huyu bibi nampita kila siku, hununua kwangu chapati mbili, sikujua kama ana habari na wewe.

Nikamwambia, "Bi Yamna, mimi ni mjukuu wa Rabha. Nakisoma kitabu cha Babu Bushaib kwenye mashine." Alikuwa ameshika chapati zake. Akasimama tu, mafuta yanamchuruzikia mkononi.

Akaniuliza neno moja: "Nimo?"

Nikamwambia sijafika mwisho. Akasema, "Kitabu chote hicho, kila mtoto wa mtaa huu anakibeba kwenye begi, na mimi sijui kusoma. Watoto wangu nimeona haya kuwauliza."

Nyumbani nikakifungua kitabu nikatafuta. Jina Yamna sikuliona. Ila nimeona kitu. Sura ya tisa inaishia mnabeba mabumba ya sukari kwenda kuposa, dada zako wanapiga vigelegele njia nzima. Nageuza ukurasa, sura ya kumi uko kwenye meli ya Marseille, peke yako, unatapika. Hakuna harusi, hakuna kukataliwa, hakuna kitu. Babu, kati ya sukari na meli palitokea nini?

Anayekupenda,
Ghizlan


Gennevilliers
20 Januari 2025

Ghizlan,

Nimechelewa. Kulikuwa na theluji, na posta, na mafua.

Laarbi ameanguka bafuni, hajavunjika, ila ulimi umezidi kuwa mrefu. Mama yako nimemwandikia. Kikohozi cha mtoto usikipake saumu, utamchubua ngozi.

Sukari ni sukari na meli ni meli. Kitabu kimechapishwa mara nyingi na hakuna profesa aliyewahi kuniuliza. Usiulize nawe.

Nilipokubali kukitia sauti nilidhani hayupo. Sasa yupo. Mambo yamebadilika. Sura ya sita, ile ya maziwa, iruke. Waambie wa chama mwandishi amekataa, wao wataelewa, waandishi ni watu wa hovyo. Tena usimsomee mtu yeyote wa mtaa huo.

Bado anacheka kwa kuziba mdomo na kiganja?

Usinijibu hilo.

Bushaib


Hai Muhammadi, Kasablanka
16 Februari 2025

Babu yangu,

Salamu za watu wote wa nyumba hii, hata za jirani wa chini, ambaye sasa hagongi tena kwa sababu Jihan amejifunza kumpungia mkono dirishani. Anatambaa. Redwan amemnunulia viatu vyekundu, vikubwa, avivae mwakani. Mama ameilia barua yako, kilio kizuri.

Ndiyo, bado anacheka kwa kuziba mdomo.

Babu, barua yako ilifika imechelewa, na mimi nilikuwa nimeshatangulia. Sura ya sita nimeshaisoma. Na Bi Yamna ameshaisikia. Usikunje karatasi, soma kwanza.

Kilichotokea ni hiki. Jihan akawa mzito, hataki kukaa kwa Hisham. Bi Yamna akasema, "Nipe mimi nimbebe, niko bure." Basi tukawa tunakwenda wote, yeye anakaa nje ya kioo na mtoto mgongoni. Siku hiyo Hisham akampa vile visikilizio.

"Bibi, vaa hivi masikioni."

"Vitaniunguza?"

"Haviunguzi."

"Mume wangu naye alisema pasi haiunguzi."

Akavaa. Nikaanza kusoma. Wewe unaijua kuliko mimi, ila acha nikuandikie, maana sasa nimeiweka moyoni. Mwaka wa njaa. Mama yako amelala na homa ya chawa, kichwa kimenyolewa, hakutambui. Wewe mchanga, unalia mpaka sauti imekauka. Dada yako Rabha, naye mtoto tu, anakufunga kwenye gunia la unga na kupita nawe kichochoro hadi kichochoro akigonga mabati. Mlango wa buluu unafunguliwa. Mwanamke haulizi jina. Anasema, "Mlete huyo, yatatosha." Na umeandika: *Upande wa pili wa kifua chake kulikuwa na mtoto mwingine. Nimeambiwa tulishikana vidole.*

Nilipofika hapo Jihan akalia. Alisikia sauti yangu akataka ziwa lake. Bi Yamna akainuka, akafungua mlango akaingia nami bado nasoma, anambembeleza mtoto, "Nyamaza mama, yatatosha, yatatosha," hajui kama mashine inakamata. Yale yale, Babu. Nadhani alilelewa nayo.

Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi za chama. Nikamnyonyesha Jihan. Bi Yamna alikuwa anamtazama mtoto, hanitazami mimi.

Akasema, "Kumbe nimo. Yule mtoto mwingine."

Kisha akanieleza alichokataa babu yangu kunieleza. Alisema Karyani ilipoungua, nyinyi bado wadogo, watu walitawanyika, nyinyi huku, wao kule, hakuna aliyejua nani yuko hai. Alisema mlikutana mkiwa wakubwa, kiwandani pa sukari, wewe unabeba magunia na yeye anafunga mabumba kwenye karatasi ya buluu. Ulimpita kila mara ukimwambia, "Funga vizuri hilo, ndilo nitakaloposea." Yeye anaziba mdomo. Hamkujua. Mama yako alikuwa na homa wakati ule, hakujua kamwe ni ziwa la nani lililomwokolea mwanawe. Bi Mbarka mwaka ule alinyonyesha watoto wa watu wengi, wengine walikufa, hakushika majina. Aliyejua ni mmoja tu, na alikuwa ameolewa mbali.

Siku ya posa mkaja na sukari. Chai ikamiminwa. Bibi Rabha akachelewa kwa basi, akaingia anapiga kigelegele mlangoni. Akamwona Bi Mbarka. Kigelegele kikakatika. Bi Yamna anasema mpaka leo anakisikia kilivyokatika.

Akasema, "Mama, wewe si wa mlango wa buluu?"

Basi. Ziwa moja. Kaka na dada wa kunyonya, na ndoa ikawa haramu.

Nilimwambia Bi Yamna, bibi yangu angeweza kunyamaza. Akanikemea! "Anyamaze? Niolewe na kaka yangu, nizae naye? Rabha alikuwa na moyo kuliko wanaume wote waliokaa mle ndani. Alilia kuliko mimi." Halafu akacheka kidogo. "Sukari tulishaivunja, unajua. Iliyovunjwa hairudishwi kwa wenyewe. Tuliinywa, glasi kwa glasi, mpaka ikaisha. Sijawahi kunywa chai chungu kama ile."

Nikamuuliza kama anakulaumu. Hapo ndipo akanigeukia. Babu, nakuandikia alivyosema, usinune:

"Siku ile nilipoteza mchumba. Sawa, aliyetaka ni Mungu. Lakini nilipata kaka, sivyo? Mbele ya watu, kwa ushahidi. Mimi sikuwa na kaka. Halafu kaka mwenyewe akapanda meli bila hata kuniaga. Muulize huyo babu yako, kaka gani anamkimbia dada yake?"

Mimi nakuuliza kama alivyosema.

Sura ya sita ipo kwa Hisham, na kilio cha Jihan na sauti ya Bi Yamna vimo ndani yake. Ukisema ifutwe, itafutwa, kitabu ni chako. Nasubiri neno lako. Ila Babu, mimi nanyonyesha, na siku ile nilipomtazama binti yangu nikawaza, kama mimi ningeugua, nani angemfungulia mlango? Usiufute mlango ule.

Ghizlan


Hai Muhammadi, Kasablanka
23 Machi 2025

Babu,

Saumu njema. Hujajibu.

Sisi wazima. Bi Yamna sasa anafuturu kwetu, anapanda ngazi zote na sufuria la supu ya dengu kichwani, anapumzika kila ghorofa na kumtukana aliyejenga. Mtu wa posta ameanza kumwogopa. Akimwona anainua mikono kutoka mbali: "Hakuna, bibi, leo hakuna."

Nimepiga simu bweni lenu, wakaniambia umepelekwa kwa daktari wa macho. Zaidi ya hapo hawakusema.

Hisham anataka kukisambaza kitabu baada ya Idi. Nimemwomba asubiri. Nimeweka sauti yote kwenye kidude hiki nilichokifunga ndani ya soksi ya Jihan, na sura ya sita imo, nzima. Mwambie Laarbi abonyeze kitufe kikubwa. Sitaki urudi kwa sababu ya mapatano yetu tena. Nataka usikie tu.

Nakungoja. Tunakungoja.

Ghizlan


Gennevilliers
27 Aprili 2025

Mjukuu wangu Ghizlan,

Mimi Laarbi ndiye naandika, yeye anasema. Mwandiko mbaya ni wangu, maneno mabaya ni yake. Nanaa sikuiba, nilikuwa naipunguza.

Salamu kwako na kwa Redwan na mtoto mwenye soksi moja. Nyingine ninayo mimi.

Daktari amefanya alichoweza. Nimebakiwa na kingo, mwanga wa pembeni, katikati hakuna kitu. Nikitaka kuona mlango lazima nitazame ukuta. Ndiyo maana sikuandika. Sikutaka mwandiko wangu ukueleze kabla yangu.

Nimekisikiliza kitabu chote. Nilikiandika nikiwa na macho yote mawili na sikukiona. Sasa nimekiona. Wewe unasoma kama maji yanavyomiminwa kutoka juu, taratibu, bila kumwagika.

Sura ya sita niliiacha mwisho. Laarbi alibonyeza. Mtoto akalia. Halafu ile sauti ikaingia. "Yatatosha, yatatosha."

(Mimi Laarbi. Analia, anasema ni kitunguu. Hakuna kitunguu humu ndani.)

Andika hivi. Usifute. Kilio kibaki na sauti ibaki.

Uliniuliza mwaka jana kati ya sukari na meli palitokea nini, na sasa umejua. Lakini hujui kwa nini sikuandika. Watu walisema ni sanaa, kuna mwanamke wa chuo kikuu aliandika makala nzima juu ya ukurasa ule usiokuwepo. Sababu ni ndogo. Yeye hakujua kusoma. Niliona kumwandika mtu asiyeweza kujisoma, watu wote wamjue ila mwenyewe asijue nimesema nini, ni kumsengenya. Basi nikamwacha bila jina, amenishika kidole.

Ukurasa ule si wangu. Kama anataka, mkalishe mbele ya kipaza sauti aseme yeye. Asiposema, uache mtupu kama ulivyo. Mwambie pia, lile swali lake la kaka gani, sina jibu. Nilipanda meli kwa sababu sikujua namna ya kuukaa mtaa ule na kumwita dada. Nilidhani muda ungenifundisha. Nimezeeka nikiwa bado darasani.

Kuhusu kurudi, mwanangu, moyo wangu uko mlangoni. Lakini tazama: ghorofa ya nne siwezi. Wewe una mtoto, mume yuko safarini, unakaanga tangu alfajiri. Utamwosha Jihan au utaniosha mimi? Na kukodi chumba peke yangu, kipofu, ni nani atakayekaa nami? Mwanamke asiye ndugu hawezi kukaa ndani na mzee asiye wake, watu watasema. Huku angalau Laarbi ananiibia.

Nibusie mtoto.

Bushaib

(Mimi Laarbi. Kile kidude anakilaza karibu na mto. Sura moja tu, kila siku. Nimeikariri na mimi.)


Hai Muhammadi, Kasablanka
18 Mei 2025

Babu yangu, na Mzee Laarbi unayemsomea,

Salamu zikukuteni wote wawili. Mzee Laarbi, soma polepole, hufukuzwi na polisi.

Jihan anasimama! Anashika ukuta, anatuangalia kama aliyeujenga yeye, kisha anakaa chini puu. Redwan amepata njia ya karibu, sasa analala nyumbani mara nyingi zaidi. Mtini wa Bi Yamna umetoa matunda ya kwanza.

Barua yako nilimsomea yote, hata ya kitunguu. Aliiomba mara ya pili. Kisha akavaa jalaba yake ya sikukuu akasema twende. Kule chamani Hisham akamwekea kiti, akamuuliza kama anataka maji. "Nataka ufunge mdomo," akamwambia, "nina mambo ya kusema." Sasa kati ya sura ya tisa na ya kumi kuna sauti nyingine. Si ndefu. Sitakuandikia yote, utaisikia mwenyewe, ila inaanza hivi:

"Jina langu Yamna binti Mbarka. Mimi ndiye yule mtoto mwingine."

Kitabu kimeshaanza kusikilizwa, Babu. Jana mlangoni pa hamamu walikifungulia kwenye simu, wanawake wametoka na ndoo zao hawaondoki, maji yanapoa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ulisema magoti, ghorofa, na watu watasema. Nilipomsomea sehemu ile Bi Yamna aliniangalia kama niliyepungukiwa.

"Hivi huyu mzee, shule yote ile, amesahau nini?"

"Amesahau nini, Bi Yamna?"

"Mimi ni nani yake?"

Alikuwa sebuleni kwake, kitambaa kichwani kama siku zote. Akakivua, pale pale. Nywele zake ni nyeupe, ndefu, sikuwahi kuziona. Akakikunja akakiweka juu ya meza.

"Mwandikie. Mbele ya kaka yangu mimi sifuniki kichwa. Nyumba yangu iko chini, haina ngazi hata moja. Kuna chumba kinachotazama mtini, wanangu wakija kutoka Italia wanakilalamikia kwamba kina jua sana. Kaka wa mtu anakaa kwa dada yake, anafuliwa soksi, anagombezwa, na mtaa mzima hauna neno, wenyewe ndio walioshuhudia. Lile lililotutenga ndilo litakalotuweka nyumba moja. Si aliogopa kuniita dada? Aje aanze. Nitamrekebisha akikosea."

Kuhusu pensheni amesema hivi: nusu mwaka uwape Wafaransa, nusu umpe yeye, na asisikie unazidisha ile ya kwao.

Redwan amepata ruhusa ya kuja uwanja wa ndege, ameapa hatakuja na lori. Mama anakuja kutoka Settat. Mimi nitakuwa mlangoni na Jihan, atakuwa amevaa soksi moja, nyingine uje nayo. Kama utaniona kwa pembeni tu, basi nitasimama pembeni.

Bi Yamna ameshanunua sukari. Bumba zima, limefungwa kwenye karatasi ya buluu, liko juu ya meza karibu na birika. Jana nilitaka kulivunja tunywe chai, akanipiga mkononi. Anasema halivunjwi mpaka uje, na nyundo utaishika wewe.

Ghizlan wako